Jina Linapowaka Rangi: Kutafuta Kumbukumbu Zilizojirudia katika Orodha za Wagonjwa

Katika vituo vingi vya afya, siku za mwisho wa mwezi huwa na kazi moja isiyosifiwa na mtu: kuunganisha orodha. Taarifa za MTUHA huanzia kwenye rejesta za karatasi, lakini kando ya rejesta hizo kuna lahajedwali, yaani jedwali la Excel au la programu inayofanana nayo. Humo huwamo majina ya watoto wanaosubiri chanjo, akina mama waliokaribia kujifungua, au wagonjwa wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI ambao hupaswa kukumbushwa tarehe zao. Orodha hizo zinapowekwa pamoja, mtu mmoja huweza kujitokeza katika mistari miwili. Wakati mwingine mitatu.

Mstari mmoja wa ziada huonekana kuwa jambo dogo, la karani kulimaliza. Gharama yake hujitokeza mahali pengine. Tuseme mgonjwa wa kifua kikuu amehama kutoka Tabora kwenda Mwanza kutafuta kazi, naye hakubeba barua ya uhamisho. Mwanza ataandikishwa kuwa mgonjwa mpya. Tabora jina lake litabaki kwenye orodha, na baada ya muda litawekewa alama ya aliyeacha dawa. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii atapanda baiskeli kumtafuta mtu ambaye kila asubuhi anameza vidonge vyake katika mkoa mwingine. Mkoa mmoja utahesabu mgonjwa aliyepotea, mwingine utahesabu mgonjwa mpya, na aliyekuwapo muda wote ni mtu mmoja.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi, ingawa huzungumzwa kidogo: watu wawili kufanywa mmoja. Mstari ukifutwa kwa kudhaniwa kuwa ni marudio, mtu aliyekuwa kwenye mstari huo hutoweka. Hakuna atakayempigia simu wala kumfuata nyumbani, na mzio wake wa dawa za salfa, uliokuwa umeandikwa kwenye safu ya maelezo, huondoka pamoja naye. Ndiyo maana kazi ya kutafuta marudio, ambayo kompyuta huifanya kwa sekunde chache, inastahili kufanywa taratibu.

Marudio mengi hayazaliwi kwenye kompyuta. Huzaliwa dirishani, kwenye mapokezi. Mgonjwa amefika, foleni ni ndefu, kadi ameisahau nyumbani, na faili lake halionekani. Njia iliyo nyepesi ni kumfungulia faili jipya. Wapo pia wanaojiandikisha upya kwa sababu zao wenyewe. Mama aliyeolewa na kubadili jina, kijana aliyekosa kliniki miezi miwili na anayeogopa kugombezwa, mtu anayeishi na VVU ambaye hataki kuonwa na majirani katika kituo cha kwao, wote hawa huweza kuwa na namba mbili bila nia yoyote mbaya.

Sasa kuhusu chombo chenyewe. Tangu toleo la mwaka 2007, Excel ina kanuni iliyo tayari ya kupaka rangi seli zinazofanana. Mtumiaji huchagua safu anayotaka kuikagua, kwa mfano safu ya namba za kadi, kisha katika menyu ya "Home" hubonyeza kitufe cha "Conditional Formatting", hufungua "Highlight Cells Rules", na kuchagua "Duplicate Values". Papo hapo kila kilichojitokeza zaidi ya mara moja huvikwa rangi, kwa kawaida nyekundu hafifu. Hakuna kilichofutwa wala kuhamishwa. Rangi ni vazi tu, na likivuliwa data hubaki kama ilivyokuwa. Katika Google Sheets kanuni hiyo iliyo tayari haipo, hivyo huandikwa fomula ya mtumiaji mwenyewe, mfano =COUNTIF($A$2:$A$900,$A2)>1, ambayo maana yake ni: hesabu thamani iliyomo katika A2 imetokea mara ngapi katika safu nzima, na ikizidi mara moja, paka rangi.

Kuanzia hapo mwenye kazi huweza kuchuja orodha kwa rangi ili mistari yenye alama tu ndiyo ionekane, na kuipanga kwa namba ili inayofanana ikae pamoja. Wengi huishia hapo, na hapo ndipo hatari inapoanzia. Kilichothibitishwa na rangi ni kitu kimoja tu: seli mbili zina maandishi yanayolingana. Rangi haijui kama maandishi hayo yanamhusu mtu mmoja au wawili, kwa maana haijapata kumwona mgonjwa.

Upofu huo hutokea kwa namna mbili. Kwanza, rangi huacha kuwaka palipo na marudio ya kweli. Excel haijali herufi kubwa na ndogo, hivyo ASHA na Asha kwake ni kitu kimoja, lakini nafasi moja iliyobonyezwa kwa bahati mbaya baada ya jina hulifanya kuwa jina jingine. Nafasi hiyo jicho haliioni. Fomula ya =TRIM(B2), ikiwekwa katika safu ya pembeni, huondoa nafasi za mwanzo, za mwisho na zile zilizozidi katikati, na ni vyema ukaguzi ufanyike kwenye safu hiyo iliyosafishwa badala ya ile ya awali.

Tahajia haina dawa rahisi kama hiyo. Anayeitwa Hamisi Bara, Unguja huandikwa Khamis. Mohamed, Muhammad na Mohamedi huweza kuwa mtu mmoja aliyepokewa na makarani watatu. Dotto na Doto, Kulwa na Kurwa, Ramadhan na Ramadhani: kwa msikilizaji hakuna tofauti, kwa mashine ni majina mbali mbali. Katika mazingira yetu jina peke yake, hata likiwa la watu watatu yaani la mhusika, la baba na la babu, halitoshi kuwa kipimo.

Namba za simu nazo zina vituko vyake. Namba inayoanza na sifuri ikiandikwa katika seli ya kawaida, Excel huichukulia kuwa hesabu na kuitupa sifuri ya mbele. Karani mwingine ameandika kwa kuanza na +255, wa tatu ameacha nafasi baada ya kila tarakimu tatu. Simu ni moja, maandishi ni matatu, rangi haiwaki. Kwa kuwa namba za simu za mkononi za Tanzania zina tarakimu 9 baada ya sifuri au baada ya 255, fomula ya =RIGHT(SUBSTITUTE(F2," ",""),9) huondoa nafasi na kubakiza tarakimu hizo 9 za mwisho, na hapo namba zote tatu hulingana. Hata hivyo, simu moja huweza kutumiwa na nyumba nzima, na simu ya mjumbe wa mtaa huweza kuwa imeandikwa kwa wagonjwa kumi.

Tarehe ndizo zenye hila kuliko zote. Kompyuta iliyopangwa kwa utaratibu wa Marekani husoma 05/03/1988 kuwa tarehe 3 Mei. Iliyopangwa kwa utaratibu wetu huisoma kuwa tarehe 5 Machi. Mtu mmoja, aliyeandikwa katika kompyuta mbili, hupata siku mbili za kuzaliwa, na faili zikiunganishwa hatatambulika. Tarehe kama 25/03/1988, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, kompyuta ile ya kwanza huiacha ikae kama maandishi tu. Dalili moja ya haraka ni mkao wa seli: tarehe iliyotambuliwa huegemea upande wa kulia, maandishi huegemea kushoto, mradi hakuna aliyebadilisha mpangilio huo kwa mkono.

Namna ya pili ya upofu ni rangi kuwaka mahali pasipo na marudio, na hapa mfano mmoja unastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu unahusu namba ambayo kila mmoja hudhani haiwezi kukosea. Namba ya kitambulisho cha taifa inayotolewa na NIDA ina tarakimu 20, na tarakimu 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Excel, kwa upande wake, huhifadhi tarakimu 15 tu za namba yoyote. Namba ya NIDA ikiandikwa mfululizo bila vistari katika seli ya kawaida, tarakimu 5 za mwisho hugeuka kuwa sifuri mara tu kitufe cha kuingiza kinapobonyezwa, nazo hazirudi tena. Kilichobaki ni kuitafuta kadi yenyewe na kuandika upya.

Jambo lisilojulikana na wengi ni kwamba hata namba hiyo ikihifadhiwa kama maandishi, kila tarakimu ikiwa mahali pake, fomula ya COUNTIF na kanuni ile iliyo tayari huendelea kuilinganisha kama hesabu, kwa tarakimu 15 za mwanzo. Watu wawili waliotofautiana katika tarakimu 5 za mwisho tu huvikwa rangi kama mtu mmoja. Mapacha wana tarakimu 8 za mwanzo zinazofanana kwa hakika, na wakiandikishwa pamoja huenda zikafanana nyingine kadhaa. Kinga yake ni nyepesi: safu ipangwe kuwa ya maandishi, ile inayoitwa "Text", kabla ya kuandika chochote, na namba iandikwe pamoja na vistari vyake kama ilivyo kwenye kadi. Vistari hivyo huizuia Excel kuigeuza kuwa hesabu, na ulinganishaji hufanyika herufi kwa herufi.

Mapacha, kwa kweli, ndio mtihani wa kila mbinu ya kutafuta marudio. Kulwa na Doto wana baba mmoja, babu mmoja, siku moja ya kuzaliwa, kijiji kimoja, na simu moja ya mama. Pwani na Visiwani huenda wakaitwa Hassan na Hussein, majina ambayo kwa mwandiko wa haraka hukaribiana mno. Kanuni yoyote inayotazama kila kitu isipokuwa jina la kwanza itawapaka rangi wote wawili. Karani akiwa na haraka, atamfuta mmoja. Katika orodha ya watoto wanaosubiri dozi ya pili ya chanjo ya surua na rubela, inayotolewa katika umri wa miezi 18, Doto hatakuwapo tena. Siku ya kuwafuatilia watoto waliochelewa, hakuna atakayemuulizia, na rejesta itaonyesha kwamba kijiji kimekamilika.

Kundi jingine linalopakwa rangi bila kosa ni la watu wasiojua siku yao ya kuzaliwa. Mzee anaujua mwaka, au anakumbuka tukio, na karani huandika tarehe 1 Januari au 1 Julai ili seli isibaki tupu. Katika orodha ya wagonjwa wa shinikizo la damu, wengi wao wakiwa wazee, safu ya tarehe ya kuzaliwa huweza kuwaka nusu nzima. Hapo rangi haisemi lolote.

Kwa sababu hiyo wataalamu wa kumbukumbu za afya hawakagui safu moja peke yake. Huunganisha vipimo viwili au vitatu kwa fomula ya COUNTIFS, mfano =COUNTIFS($B$2:$B$900,$B2,$D$2:$D$900,$D2,$G$2:$G$900,$G2)>1, ikiwa B ni jina lililosafishwa, D ni tarehe ya kuzaliwa, na G ni tarakimu 9 za simu. Mistari inayolingana kwa vyote vitatu hutazamwa kwanza. Kisha sharti moja huondolewa, ukaguzi hurudiwa, na hapo ndipo Khamis na Hamisi wa simu moja na tarehe moja hukutana. Kila raundi iwe na rangi yake, ili ijulikane ushahidi upi una nguvu na upi ni wa kudhania.

Inafaa pia kuweka safu ya "Mara ngapi" yenye fomula hiyo bila alama ya kuzidi na moja ile ya mwisho, ili ioneshe idadi kwa tarakimu. Orodha ikichapishwa kwa mashine isiyo na rangi, nyekundu hafifu na kijani hafifu huwa kijivu kile kile. Faili likihifadhiwa kwa muundo wa CSV kwa ajili ya kupelekwa kwenye mfumo mwingine, rangi zote hutoweka. Tarakimu hubaki. Aidha, mfanyakazi asiyetofautisha nyekundu na kijani hatahitaji kuomba msaada.

Kabla ya yote hayo kuna swali ambalo husahaulika: mstari mmoja katika orodha hii ni nini? Ikiwa ni mtu, marudio ni kosa. Ikiwa ni hudhurio, marudio ndiyo huduma yenyewe. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, linapendekeza mjamzito aonane na mtoa huduma angalau mara 8. Orodha ya mahudhurio ya kliniki ambamo jina la mama halijirudii ndiyo ya kutia shaka. Vipimo vya wingi wa virusi, vipimo vya sukari, uzito wa mtoto wa kila mwezi, vyote hivyo vina jina moja na tarehe tofauti. Katika orodha za namna hiyo, kinachotafutwa ni mtu yule yule, kipimo kile kile, siku ile ile, yaani masharti matatu kwa pamoja.

Rangi ikishawaka na mashaka yakishabaki machache, kompyuta huwekwa kando na rejesta hufunguliwa. Hakuna njia ya mkato inayostahili hapa. Excel ina kitufe cha "Remove Duplicates" ambacho hufuta marudio yote kwa mbofyo mmoja na kubakiza mstari wa kwanza wa kila kundi. Mstari wa kwanza si lazima uwe sahihi. Mara nyingi ni wa zamani, wenye simu iliyokwisha kufungwa na anwani ya mtaa aliohama mgonjwa. Katika biashara ya kuhesabu bidhaa kitufe hicho kina faida yake. Katika orodha ya wagonjwa ni bora kisiguswe.

Utaratibu salama huanza na nakala ya faili la awali, iliyopewa tarehe na kufungwa isibadilishwe. Kisha kila jozi inayotiliwa shaka hulinganishwa na chanzo chake: faili la karatasi, kadi, jina la mama, kitongoji, kovu la upasuaji lililoandikwa na daktari, saini ya msindikizaji. Simu hupigwa inapobidi, kwa lugha isiyomfichulia aliyeipokea kwamba mwenye namba ni mgonjwa wa kliniki fulani. Ikithibitika kwamba mistari miwili ni mtu mmoja, taarifa za yote miwili huunganishwa katika ule unaobaki, na ule mwingine hauondolewi bali huwekewa alama kuwa umeunganishwa na namba fulani, pamoja na jina la aliyeamua na tarehe ya uamuzi. Kosa likigundulika baadaye, patakuwapo pa kurudi. Na palipo na shaka isiyotatulika, mistari ibaki miwili. Kuhesabu mtu mara mbili huharibu takwimu, kumpoteza mtu huharibu maisha, na mizani hiyo haijasawazika.

Zipo pia hatari za njia. Orodha yenye majina, simu na hali ya VVU haipaswi kuzungushwa kwenye makundi ya WhatsApp ili "mtu mwenye ujuzi wa Excel asaidie". Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Msaada ukihitajika, safu za majina na za ugonjwa huweza kuondolewa na kubakizwa namba za ndani tu, au mtaalamu aitwe aketi mbele ya kompyuta ya kituo. Faili lenyewe lilindwe kwa nywila, na nywila hiyo isibandikwe kwenye ukingo wa kioo cha kompyuta, kama inavyoonekana katika ofisi nyingi.

Mgonjwa naye ana sehemu yake, na si ya kulaumiwa. Aliyekwisha kujiandikisha katika kituo kingine aseme hivyo dirishani, hata kama hakuaga alikotoka. Uhamisho huweza kufuatiliwa kwa simu kati ya kituo na kituo. Aliyebadili jina kwa ndoa au kwa dini ataje na jina la kwanza alilotibiwa nalo. Ataje majina yake kwa mpangilio ule ule kila mara, la kwake, la baba, la babu, na aombe kutazama jinsi yalivyoandikwa kabla hajaondoka. Asiyejua siku yake ya kuzaliwa aseme hajui, na karani aandike kwamba siku hiyo ni ya kukadiria. Na mzazi wa mapacha, anapokabidhiwa kadi, ahakikishe ni mbili, kila moja na namba yake, na kwamba neno "pacha" limeandikwa katika zote mbili na katika rejesta pia, pamoja na jina la mwenzake.